Mkoba wa Mkononi

Priscilla hakumpenda Elsie, mkaza mwanawe, tangu siku alipoletwa Rukanga kutoka Chawia, wala hakuona haja ya kuficha. Alisema mbele ya wageni kwamba Francis, mwanawe wa pekee, alihitaji mke wa kushika jembe, si wa kushika kalamu. Basi habari ilipofika kwamba Elsie amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza, ambako Francis alikuwa ametangulia, Priscilla hakumpa pongezi. Alimletea kibuyu cha asali.

"Hiki utakipakata mpaka umfikie," alisema. "Mwanangu hajaonja asali ya kwetu Kasigau tangu aondoke."

Elsie alikiinua. Kilikuwa kizito, na kizibo chake cha gunzi kilikuwa kimeanza kuvuja.

"Nitakifunga kwa blanketi nikitie sandukuni, Mama."

"Masanduku hutupwa ovyo. Kitapasuka."

"Basi kitabaki."

Hapo vita vikaanza. Donald, binamu yake Elsie aliyekuwa mpagazi kwenye kiwanja cha ndege Nairobi, alikuwa amemweleza mambo yalivyo: sanduku hupimwa uzito likaingizwa tumboni mwa ndege, na abiria hubaki na mkoba mmoja tu. "Likishaondoka machoni pako, liombee," alimwambia. "Usichoweza kuishi bila hicho, kishike mwenyewe." Kwa hiyo mkobani Elsie alitia pasipoti, vyeti vyake, sweta, magauni ya kazi na viatu vyeusi vilivyotakiwa na hospitali. Palibaki nafasi ya leso, si ya kibuyu.

Siku ya safari wote wawili walishuka Voi juu ya lori moja, Priscilla amepakata kibuyu chake. Stesheni, Elsie alimwachia Priscilla mizigo akaenda kukata tikiti ya Nairobi. Aliporudi alikuta magauni yake yametupwa kwenye vumbi jekundu, viatu huku na huku, na Priscilla amepiga magoti akikisukuma kibuyu mkobani kama mtu anayeshindilia mahindi guniani. Watu walikuwa wamesimama kutazama.

"Mama, unafanya nini?"

"Ulichokataa kufanya. Hizi nguo zitakufa zikikaa sandukuni?"

"Huo ni mkoba wangu."

"Wako? Umenunuliwa na mwanangu!" Priscilla alisimama, sauti ikapanda makusudi ili wote wasikie. "Tumbo lako halina kitu, mkoba wako hauna nafasi. Sisi umetufaa nini?"

Mwanamke mmoja aliguna. Miaka yote ile Elsie alikuwa amenyamaza, kwa sababu mama mkwe hajibiwi. Alikitoa kibuyu polepole, akakiweka miguuni pa Priscilla, kisha akaokota gauni moja moja, akikung'uta vumbi.

"Mpe mwenyewe akirudi," alisema.

"Nitamwambia!"

"Mwambie."

Priscilla akatema mate chini. Treni ilipoingia, hakuna aliyemuaga mwenzake.

London, sanduku halikuonekana. Karani wa ndege alisema huenda limeshushwa njiani, lakini hakujua wapi, na halikupatikana tena. Mablanketi na nguo zote za Jumapili zilipotea. Hata hivyo Jumatatu Elsie aliingia hospitali amevaa viatu vyake, akaweka vyeti vyake juu ya meza ya matroni, mkuu wa wauguzi.

Barua ya Priscilla haikukawia. Francis aliisoma amesimama, hata koti hajavua.

"Umemtukana mama yangu mbele ya watu."

"Muulize yeye aliniambia nini."

"Sina haja ya kujua. Utamwandikia umwombe msamaha."

"Ningepakata asali, Francis, leo ningekuwa na nini? Sanduku halikuja!"

"Ungevumilia. Yule ni mama."

"Na mimi ni nani?"

Francis alikunja barua, akaitia mfukoni. Elsie akaanza kufungasha.

"Ukitoka usirudi," Francis alisema.

Matroni alimpa kitanda katika bweni la wauguzi. Priscilla hakuandikiwa hata neno. Majuma yalipopita Francis alikuja, akaambiwa mlangoni kwamba wanaume hawapandi juu. Alisimama mvuani akiita jina la mkewe. Elsie alimwona kutoka dirishani. Hakushuka.