Anne Bado Anakula

Jumamosi moja ya Oktoba 1993, saa tatu asubuhi, Anne alikuwa bado anakula. Anne alikuwa mhusika mkuu wa hadithi ya Cyrille, mwalimu wa mtaa wa Shituru ambaye mshahara wake ulikuwa umekatika. Katika mswada alitakiwa kumega tonge, asikie king'ora, akimbie hadi machimbo ya Kakontwe na kumkuta mumewe amefukiwa na mawe. Mlo wote ulikuwa sentensi moja.

Adhuhuri, Padri Bertin angeipeleka hadithi kwa mchapaji huko Lubumbashi. Kingekuwa kitabu cha kwanza cha Cyrille. Padri alikuwa ametoa karatasi kumi; hakuwa na nyingine. Mashine ya kuandikia ilikuwa ya Fidélie, sekretari aliyepewa mashine hiyo na kampuni mahali pa mshahara.

Nyumbani kwake, Fidélie alipiga chapa huku Cyrille akimtamkia maneno; alipofika kwenye king'ora, akaondoa vidole.

"Mwalimu, huyu mwanamuke hajashiba."

"Mama Fidélie, bwana yake anakufa."

"Basi atamulilia na njaa? Ongeza sombe."

Cyrille aliongeza sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki mmoja. Fidélie akataka kujua mafuta ya ngazi, yaani mawese, yalikuwa kiasi gani. Mume wa Fidélie, Jimmy, alivuta kiti. Nyumbani mwao hakikupikwa kitu tangu juzi.

"Rudia pale pa samaki," alisema Jimmy. "Ulipita mbio."

"Jimmy, hii ni roman, ni kitabu, haiko restaurant," alisema Cyrille.

"Na kichwa ya samaki, nani alikula?"

"Hakuna."

"Cyrille! Weye uko na roho ya namna gani? Unatupa kichwa?"

Kichwa kililiwa kwenye karatasi ya saba. Kwenye ya tisa Anne aliomba bukari nyingine, yaani ugali. Cyrille hakuwa amelitamka hilo. Fidélie aliliandika mwenyewe. Karatasi ya kumi ilipobaki na mstari mmoja, Cyrille alifunika mashine kwa mikono.

"Huu ni wa mawe," alisema. "Mawe, mume, mwisho."

Nje, gari lilipiga honi. Padri Bertin alipewa karatasi, akazisoma zote akiwa kwenye usukani, polepole, midomo ikicheza.

"Nzuri sana. Lakini mwalimu, hii sombe, chumvi iko wapi?"

Cyrille alimweleza habari za mume na mawe. Padri alisikiliza hadi mwisho, kisha akazima injini.

"Minye siwezi kupeleka sombe ya bila chumvi Lubumbashi."

Fidélie alirudisha karatasi ya kumi kwenye mashine, akasubiri. Cyrille alitazama mstari uliobaki. Kisha akatamka: chumvi, kijiko kimoja.

"Kimoja na nusu," alisema Jimmy.

Mstari ulijaa. Gari liliondoka saa sita na robo.