Kimya cha Kheiria

Tangu mtoto wa jicho alipomfunika Bwana Marhoon macho yote mawili, mjukuu wake Kheiria ndiye aliyemsomea kila baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwao Matrah, bandari ya Waarabu. Mwaka ule wa 1967 ami yake Kheiria alileta kutoka Kuwait riwaya ya mapenzi. Mzee, aliyelelewa kwa hadithi za Unguja, akaisikiliza kwa dharau. Katika hadithi zake kijana humuua jini, baba humwoza binti yake, ngoma zikapigwa. Katika riwaya hii binti alibishana na baba yake.

"Na yule binti wa ghorofani katika hadithi zako, babu, nani alimuuliza?"

"Angekuwa hataki, angesema."

"Nani angemsikia, na jini anauawa uani?"

Mzee akacheka, naye si mtu wa kucheka.

Haukupita muda, Majid, mfanyabiashara mwenye nasaba na heshima, akaleta posa. Kheiria alikuwa yatima wa baba. Walii wake, mwenye kumwoza, ni babu yake. Akamuuliza mbele ya shangazi zake. Kheiria akanyamaza, na kimya cha mwanamwali, kama ijulikanavyo, ndiyo ridhaa yake. Vigelegele vikapigwa, na Bwana Marhoon akapeleka neno lake kwa Majid.

Lakini mzee kimya kile alikitambua. Kimya cha haya cha Kheiria hakikosi kicheko ndani yake. Hiki kilikuwa kikavu, kile kile kilichomshika kila alipofika pale binti wa riwaya alipolazimishwa. Alikitambua, akajificha nyuma ya ada.

Kesho yake Kheiria alisoma upesi upesi, bila ubishi. Kisha akasema kwamba binti alimtii baba yake, akaolewa, na kitabu kimekwisha.

Mzee akanyoosha mkono, akakipapasa kitabu. Kidole cha mjukuu wake kilikuwa bado katikati ya kitabu. Nusu nzima ya kurasa haijafunuliwa.

"Jana nilikuuliza mbele ya watu," akasema, "nami nilijua nilichokisikia. Nakuuliza tena. Wamtaka Majid?"

"Simtaki, babu. Nlikhofu kukuaibisha."

"Aibu ni yangu, na nimejitia mwenyewe. Nipe bakora yangu, naenda kwa Majid."

Akamshika bega hadi mlangoni. Katika hadithi zote alizozihifadhi, hapakuwa na mzee hata mmoja aliyerudi kwa mposaji kulitangua neno lake. Hakujua aanze vipi.