Nyumba Namba Nne

Delbert Kuhlman alivaa sare mpya ya kapteni, bado inanuka duka, akasimama katikati ya uwanja wa ngome na kunyoosha kidole.

"Nachagua namba nne."

Watalii wakacheka. Mimi sikucheka.

Kila kiangazi sisi wastaafu wa kujitolea tunaigiza maisha ya maofisa wa jeshi la zamani hapa Kansas, na tunalala katika nyumba zao hadi msimu uishe. Desturi yao tunaifuata bila huruma: mwenye cheo kikubwa akifika, huchagua nyumba aitakayo, na aliyemo hufungasha papo hapo, hata kama chakula kiko jikoni. Miaka yote tulikuwa tunaicheka.

Lakini katika namba nne alikaa Luteni Orrin Pruett. Mkewe, Nadine, ndiye aliyeikarabati. Alikwangua rangi kuukuu kwa kisu kidogo, majira mawili ya baridi, mpaka saratani ilipomchukua mwezi Machi. Orrin aliniambia waziwazi, "Wakinitoa humo, Wendell, mimi sirudi tena."

"Mwachie, bwana," nilimnong'oneza Delbert, kanali nikimbembeleza kapteni. "Chukua namba sita, ina feni."

"Sheria ni sheria, Kanali. Au hiki cheo changu ni pambo tu?"

Sijui mtu huyu mjuaji alitoka wapi. Orrin alikuwa ameshatoka barazani na sanduku lake. Hakubishana, maana luteni habishani na kapteni.

Nyumba yangu, namba moja, ndiyo yenye baraza pana na upepo. Naipenda kupita kiasi.

"Basi na mimi nachagua," nikasema, watu wote wasikie. "Kanali anahamia namba nne. Kapteni, chukua yangu."

Watalii wakapiga makofi. Delbert hakungoja kuambiwa mara mbili, akaenda zake namba moja. Orrin alinitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona machoni pake.

"Hata wewe, Wendell."

"Rudisha sanduku ndani, mzee. Vyumba viko viwili, na kanali huyu hata yai hajui kukaanga."

Orrin akalinyanyua sanduku lake. Kisha akageuka, akanifungulia mlango. Nilipoingia nikataka kuegemea ukuta uliokwanguliwa rangi nusu.

"Hapo hapana," akasema upesi. "Nadine hajamaliza."

Nikasogea.