Mitungi Sita ya Buluu

Mitungi sita ilishushwa asubuhi mbele ya chumba cha barafu cha ushirika wa wavuvi, na Felisa Gumban, mnunuzi wa ushirika kwa miaka tisa, hakuipenda tangu ilipogusa sakafu. Rangi yake ya buluu ilinuka kana kwamba imepakwa jana.

Mwaka ule wanachama walikubaliana kuachana na gesi ya zamani inayokula tabaka la ozoni, wakafunga majokofu mapya yanayotumia gesi isiyolidhuru. Felisa ndiye aliyepitia karatasi za wauzaji akamchagua Crisanto, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeleta cheti cha gesi hiyo mpya. Kwamba Crisanto alikuwa baba wa ubatizo wa mwanawe, na kwa hiyo wakiitana kumpare na kumare, hilo hakuliona kuwa neno.

"Nong, umeiangalia?" alimwuliza fundi Delfin, aliyemwita Nong, yaani kaka, kwa kuwa alimzidi umri.

"Nimeiangalia, Manang." Delfin alimwita dada kwa heshima, lakini hakuinua uso. "Nzuri tu. We tia sahihi."

Haraka hiyo ilimkera. Delfin huyuhuyu ndiye aliyepiga kelele mkutanoni kwamba gesi ya zamani ndiyo inayogandisha samaki sawasawa. Leo amekuwa mpole kiasi hiki? Fundi alipogeuka, Felisa alikwangua mtungi mmoja kwa ufunguo. Chini ya buluu palikuwa na kijani, na kijani ndiyo rangi ya mitungi ya gesi ya zamani.

 Akaenda ofisini, akaifungia kwenye droo hati ya mapokezi iliyosubiri sahihi yake, kisha akakaa akijiuliza Delfin amepewa nini, na nani mwingine anajua.

Saa ya chakula, wote walipotoka, alichukua geji ya Delfin ya kupimia msukumo wa gesi kwenye sanduku lake. Alikuwa amehudhuria mafunzo mjini: kila gesi ina msukumo wake kwa joto fulani, na jedwali lilibandikwa ukutani. Siku hiyo joto lilikuwa nyuzi thelathini. Kwa gesi iliyoandikwa kwenye lebo, mshale ulipaswa kusimama kabla ya mia. Aliunganisha mpira wa geji kwenye mtungi, akafungua kidogo. Mshale ukapita mia na hamsini, palepale pa gesi ya zamani.

"Kumbe na wewe unapima."

Delfin alisimama mlangoni, wali wake umefungwa kwenye jani la mgomba.

"Na mimi? Nani mwingine kapima?"

"Mimi. Gari lilipoondoka tu. Mshale ukaruka hivyohivyo."

"Na ukaniambia nzuri tu!"

"Nilitaka nione kama utatia sahihi. Mzigo wa kumpare wako huu, Manang. Nikajua mmeshakula pamoja."

"Mimi nile? Wewe uliyeililia gesi ya zamani mkutano mzima kama umefiwa!"

"Nililia, ndiyo. Lakini nililia mbele za watu. Sijabandika lebo ya uongo kwenye mtungi."

 Felisa akampigia Crisanto simu, akaiweka sauti ya juu ili Delfin asikie.

"Aa, kumare, kosa la kiwandani hilo," Crisanto alicheka. "Tia sahihi kwanza, mengine tutayarekebisha."

"Kiwanda ndicho kilichopaka buluu juu ya kijani?"

 Kisha Crisanto akauliza polepole, "Mwanangu wa ubatizo hajambo? Bado anapita ile njia ya nyuma kwenda shule?"

Felisa alikata simu. Kwa mara ya kwanza siku ile Delfin alimtazama usoni.

"Nitamsindikiza mtoto wiki hii," alisema. "We andika ripoti."

Felisa aliiandika alasiri ileile, wote wawili wakaweka majina. Watu wa ofisi ya mazingira walikuja wakaichukua mitungi. Crisanto hakupiga simu tena, na Felisa mwenyewe akaacha kumpeleka mtoto kumwamkia sikukuu, kama ilivyo desturi kwa baba wa ubatizo.

Mzigo wa muuzaji mwingine ulifika baada ya majuma matatu. Waliupima mtungi kwa mtungi. Delfin alisoma geji, kisha Felisa akaisoma mwenyewe, asitegemee neno la mtu. Alipoinama kuandika, alihisi pumzi begani: Delfin alikuwa akichungulia kama kinachoandikwa ndicho kilichoonekana. Hakumwambia asogee.