Makofi Yaliyotangulia

Jumanne saa nne na robo asubuhi, Fundi akipangusa vumbi kwenye kabati la tatu la seva, makofi yalitoka kwenye waya wa mtandao. Yalikuwa ya watu kumi na mmoja, na katikati yake sauti ya Meneja: "Mhandisi, umetuokoa!"

Fundi alitazama namba. Kipande cha tisa cha tukio moja. Vile vinane vya mwanzo vilikuwa havijafika. Data husafiri vipandevipande, na vipande havina adabu ya foleni, kwa hiyo alifanya inavyotakiwa: alikiweka kwenye kapu la kusubiri, akakifunika kitambaa, akarudi kwenye vumbi lake.

Lakini roho ilimuuma. Mhandisi alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Miaka sita nyuma aliingia humu hajui waya wa mtandao wala wa pasi, na Fundi, aliyejifundisha kazi kwa kufungua mashine zilizotupwa, akamwonyesha kila kitu kwenye meza hii hii. Aliikumbuka siku ile mpaka viatu: vyekundu, kisigino kimoja kimelegea. Kisha wifi akaenda kuchukua cheti, akarudi na cheo.

Saa sita kipande cha kwanza kikafika, nacho kilikuwa hitilafu yenyewe. Picha za mifupa kutoka hospitalini zilikuwa zimevurugika: mguu wa mtoto chini ya kifua cha mzee. Juzi wifi alibadilisha mpangilio ili mambo yaende haraka, vipande vikawa vinaungwa kwa zamu ya kufika, si kwa namba.

"Wifi, hebu nitazamie hapo," alisema Mhandisi mlangoni, kikombe mkononi. "Una mikono myepesi."

"Mikono yangu myepesi, jina lako zito."

Wifi alicheka, akaenda zake.

Fundi angeweza kuacha. Lakini daktari alikuwa akiusubiri mguu ule. Alipanga upya picha mia nne, moja moja, hadi jasho likamwingia machoni. Kipande cha tatu hadi cha nane vilifika akiwa kazini. Alipomaliza aliyarudisha makofi kwa mtumaji pamoja na taarifa ya kosa: mpokeaji siye. Yakarudi. Akayarudisha. Yakarudi tena, kwani mtumaji asiyeambiwa "nimepokea" hachoki kutuma.

Saa kumi Meneja aliwakusanya wote, akamsifu Mhandisi, wakapiga makofi. Viganja viligongana bila sauti.

"Fundi, sauti iko wapi?"

"Kwenye kapu, bosi. Kipande cha pili hakijafika."

"Funga faili bila hicho. Watu wana kazi."

Fundi alihesabu waliosimama. Walikuwa kumi. Jozi ya kumi na moja ilikuwa mikono yake. Akafunua kitambaa, na katika kelele ile aliitambua sauti ya viganja vyake vyenye sugu, vikipiga kwa nguvu kuliko vyote.

Kesho yake asubuhi kipande cha pili kikafika.

"Kinasemaje?" wifi aliuliza, bila kugeuza kiti.

"Kinasema nani alivuruga, na nani alitengeneza."

"Kimechelewa, wifi. Faili lililofungwa halifunguliwi. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Ni kweli, alimfundisha. Siku ile wifi alikuwa amekaa hapo na viatu vyake vyekundu, akiandika kila neno. Fundi alikitupa kipande, akajibu "nimepokea" ili kisije tena, akachukua kitambaa kilekile na kuendelea na kabati la nne.