Mkupuo Usio na Namba

Fundi wa sauti aliamini namba kuliko masikio ya mtu. Kila mkupuo, yaani kila mara kipande kilipopigwa na kurekodiwa chumbani mwake, aliupa namba na saa yake, kisha akachagua uliotulia kuliko mingine. Sasa alikuwa amemaliza kuhariri vipande saba vya fidla, vile vya zamani ambavyo watunzi waliviandika ili mpigaji aonyeshe vidole vyake vinaweza nini. Vilikuwa vimepangwa upya kwa mpigaji mmoja mbele na wenzake tisa nyuma. Kesho yake kazi ingekwenda kiwandani, jina la mpigaji wa mbele likiwa peke yake kwenye jalada. Ilikuwa rekodi yake ya kwanza, na alikuwa ameingojea miaka kumi na miwili.

Mpigaji huyo mwenyewe alifika asubuhi hiyo saa nne kuisikiliza, pamoja na dada yake mkubwa aliyewaongoza wale tisa. Kundi zima lilimwita mdogo Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

"Fundi, umekonda," Sindano alisema akivuta kiti. "Au ni mimi nimekukondesha?"

"Mikupuo mia na themanini, mama. Ungekuwa wewe ungebaki mifupa."

"Mbona tayari ni mifupa," dada mtu akadakia.

Vipande vitatu vya kwanza vilipita salama. Cha nne kina mteremko wa noti unaoanzia juu kabisa na kuporomoka bila pumzi hadi uzi wa chini. Fundi alipajivunia hapo kuliko pengine popote. Akaongeza sauti kidogo.

Sindano akanyoosha mkono. "Simamisha. Rudisha." Alisikiliza tena, uso umemkauka. "Huyu si mimi."

"Ni wewe. Fidla ni yako, sauti yake naijua hata nikiwa usingizini."

"Fidla yangu, sawa. Mkono si wangu. Mimi pale katikati lazima nigeuze upinde, na ukitega sikio unasikia. Huyu kashuka mpaka chini kwa mvuto mmoja wa upinde. Sijawahi kuuweza hivyo, Fundi. Hata mara moja."

Fundi alifungua orodha yake ili amwonyeshe. Hapakuwa na namba. Palikuwa na saa tu: tatu na dakika kumi, siku ya kwanza. Saa hiyo Sindano alikuwa nje anakunywa chai, na dada yake ndiye aliyekaa kitini pake na fidla yake ili vinasa sauti vipangwe. Wakati wa kupanga, mitambo huachwa ikirekodi, na jioni majaribio hufutwa. Hili hakulifuta, na wakati wa kuchagua akalichukua kwa sikio bila kutazama namba. Kwa kosa kama hilo angemfukuza mtu kazi.

Wote wawili walimgeukia dada mkubwa. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, mdomo wazi.

"Dada. Uliacha kupiga mbele ukasema vidole vinakufa ganzi."

"Vinakufa."

"Hivi ndivyo vilivyokufa?"

"Usinifokee, mdogo wangu. Watu wakinisikiliza vinakauka kama kuni, jukwaani ulijionea mwenyewe. Siku ile nilijua tunapanga vinasa tu. Hata sikumbuki nilipiga nini."

Fundi alikohoa. "Nikiacha ilivyo, hakuna atakayegundua. Mimi mwenyewe sikugundua."

"Na nikiitwa jukwaani kuupiga hivyo hivyo, nitamtuma nani? Weka wangu."

"Wako ulio bora ni wa kumi na saba. Upinde unasikika ukigeuka."

"Usikike."

Kazi ya kubadilisha ilichukua dakika nne. Waliposikiliza, pale katikati pakatokea mkwaruzo mdogo, kama mtu aliyekosea ngazi akajishika. Sindano alifumba macho, akayafumbua.

"Peleka kiwandani."

"Na hilo jaribio lifute," dada alisema.

Kabla kidole cha Fundi hakijafika kwenye kitufe, Sindano alikwisha kumdaka kifundo cha mkono. "Thubutu uone!"

Dada mkubwa alisogeza kiti katikati ya spika mbili, akaitazama mikono yake kama ya mgeni.

"Niwekee tena, Fundi," akasema. "Lakini nyie mtoke kwanza."