Semina ya Dakika Arobaini

Semina ya kwanza ya mtandaoni katika historia ya Kampuni ya Mapezi Baridi ilifunguliwa Jumanne saa nne kamili asubuhi, ikafariki saa nne na dakika arobaini, na katika uhai wake wote hakuna mtu aliyefundishwa kitu.

Caren Amolo, ofisa wa mafunzo aliyeiandaa, aliiona ikikata roho kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amekusudia kuwafundisha wasimamizi wa vituo kumi na viwili vya ufuo wa ziwa namna ya kupanga samaki kwenye barafu. Lakini mkutano hauanzi bila sala, na sala katika kampuni ile ilikuwa ya Mzee Zadock, msimamizi wa kituo cha Kisian. Mzee aliliombea ziwa, serikali, wafanyakazi, jamaa za wafanyakazi, mtandao wenyewe na yeyote aliyeuvumbua. Dakika tisa. Kisha watu wakajitambulisha: jina, kituo, miaka ya utumishi na salamu kutoka nyumbani. Winny wa Usoma aliongeza kwamba ameokoka, na baada yake hakuna aliyethubutu kujitambulisha bila kuokoka. Mwishowe Bwana Kiragu, meneja, akasema ana machache tu. Machache hayo yalikuwa ya dakika kumi na nne.

"Asante sana, Bwana Kiragu," Caren akasema, akivuta pumzi. "Sasa, wapendwa, tuanze..."

Skrini ikawa nyeusi. Kampuni ilitumia huduma ya bure, na huduma ya bure hutoa dakika arobaini, hata kama aliyezimaliza ni meneja.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo gari lilipeleka samaki aina ya mbuta Nairobi. Ijumaa mbuta walirudi. Hoteli iliyowaagiza ilieleza kwamba harufu ilitangulia kufika, gari likafuata.

Bwana Kiragu alimwita Caren ofisini.

"Madam Caren, Jumanne ulifundisha nini?"

"Muda uliisha kabla sijaanza, Bwana Kiragu."

"Uliishia wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa, "Kwenye machache yako." Caren alilimeza. "Kwenye utambulisho."

"Basi una Jumanne moja. Samaki wakirudi tena, barua yako ya ajira sitaitia sahihi. Nitamrudisha yule kijana aliyekuwa akifundisha kwa kuzunguka vituoni na pikipiki."

Caren alikuwa katika mwezi wa tano wa majaribio, na majaribio ni miezi sita. Mama yake kule Muhoroni alishalitangazia kanisa zima kwamba binti yake anafundisha watu bila kuwaona, na kanisa lilikuwa limepiga makofi. Mtu hurudije nyumbani baada ya makofi?

Alikaa chini akatunga ratiba mpya, kali kuliko ratiba ya shule ya bweni wakati wa mitihani. Sala: dakika moja. Utambulisho: hakuna. Machache ya meneja: hakuna. Mafunzo: dakika thelathini na tano. Maswali: nne. Akaituma kwenye kundi la simu la wasimamizi.

Hakuna aliyejibu. Hata Waswa wa Port Victoria, ambaye huweka kidole gumba hata kwenye tangazo la msiba, hakuweka kitu. Baada ya saa mbili Shantel wa Dunga akampigia kwa sauti ya chini.

"Madam, usiseme nimekwambia. Watu wanasema Jumanne netiweki itakuwa mbaya."

"Kituo gani?"

"Vyote."

Caren hakuwahi kusikia netiweki ikitabiriwa siku nne mapema, tena kwa umoja wa namna hiyo. Jumamosi asubuhi alikwenda Kisian.

Mzee Zadock alikuwa kituoni, akifuta kasha la barafu kwa upole, kama mtu anayemwogesha mjukuu. Alimpa kiti, akamuuliza habari za Muhoroni, za mama, za miwa. Kisha akarudi kufuta kasha, na kule kufuta kukawa ndiko lawama.

"Mzee, ninaomba tu sala iwe fupi," Caren akasema.

"Fupi kiasi gani?"

"Dakika moja."

"Nyathina, mtoto wangu, dakika moja Mungu hajamaliza hata kuitikia salamu." Akakamua kitambaa. "Lakini sala si neno. Umewakata watu kusalimiana. Unajua mimi na Waswa tumeongea kwa simu kila siku, huu ni mwaka wa nne? Jumanne ile ndiyo nilimwona uso. Kumbe ana kipara!" Akacheka peke yake. "Mtu anakaa na samaki kutoka asubuhi mpaka jioni. Siku anapoona wenzake, unamwambia anyamaze asikilize. Atakusikiliza na moyo gani?"

Caren aliinamisha macho, na macho yakatua kwenye kasha lililojaa samaki, kando ya lile lililokuwa likifutwa. Tundu la chini la kutolea maji lilikuwa limezibwa kwa tambara. Juu ya samaki kulikaa bonge moja la barafu, peke yake, kama chifu jukwaani.

"Mzee, hili tundu limezibwa kwa nini?"

"Maji baridi yakitoka, si baridi nayo imetoka?"

Caren alichomeka kipimajoto katikati ya samaki. Nyuzi tisa, joto la kuozesha samaki. Akaomba ruhusa, akakunja mikono ya blauzi. Waliondoa tambara, maji mekundu yakatoka. Wakavunja lile bonge na mengine mawili, wakapanga upya: barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Wakanywa chai. Baada ya vikombe viwili, kipimajoto kilisoma tatu.

Mzee Zadock alivua kofia.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimeziba tundu hili kwa mkono wangu. Kwa nini Jumanne hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja zamu yangu, Mzee."

Hapo ndipo wote wawili walipotazamana, na ratiba ya Caren ikafa kifo kilichoistahili. Jioni hiyo alituma nyingine, ya mstari mmoja: Utambulisho umerudi, kila mmoja ajitambulishe akiwa mbele ya kasha lake, likiwa na samaki, na kipimajoto mkononi. Kabla hajaweka simu chini, vidole gumba kumi na viwili vilikuwa vimesimama.

Jumatatu alifanya mazoezi na Shantel: jinsi ya kuelekeza kamera ndani ya kasha, jinsi ya kuzima maikrofoni jirani akianza kusaga mahindi. Jumanne saa nne kamili wote walikuwepo, netiweki ikiwa nzuri ajabu.

Mzee Zadock alisali kwa dakika mbili tu. "Ile ndefu nimeimalizia nyumbani alfajiri," akaeleza baada ya amina. Kisha akageuza kamera. "Mimi ni Zadock wa Kisian. Wanangu, nina ushuhuda. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiziba tundu la kasha kwa tambara."

Sauti ya Emmaculate wa Luanda Kotieno ikadakia: "Mzee, hata mimi. Yangu ni soksi."

Baada ya hapo kilichofuata kilifanana na mkutano wa injili. Waswa alisoma nyuzi kumi na moja, na Winny akamuuliza kama anahifadhi samaki au anachemsha supu. Waswa akazibua tundu mbele ya mashahidi. Caren alizungumza dakika sita tu, akipanga kasha lake mwenyewe tabaka kwa tabaka, nao wakapanga pamoja naye, wakisahihishana kwa kelele: "Agneta, tumbo la samaki liangalie chini!" "Wewe barafu yako iko wapi, umeila?"

Dakika ya ishirini na tano Bwana Kiragu aliingia kutoka nyumbani kwake Milimani, amevaa tai.

"Nina machache," akaanza.

"Karibu, Bwana meneja," akasema Mzee Zadock kwa heshima zote. "Tunajitambulisha kwanza. Kasha lako liko wapi?"

Bwana Kiragu alitazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi... sina kasha."

"Tutakuombea, Bwana," akasema Winny.

Vituo vyote vilicheka. Caren alifunga macho akaona barua yake ikichanwa. Alipoyafungua, Bwana Kiragu alikuwa amelegeza tai na kusogea karibu na skrini. Hakusema machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi gari liliondoka na mbuta. Ijumaa Caren alishinda akitazama lango la ofisi, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimwinua kitini. Saa kumi jioni Bwana Kiragu akaja akasimama mbele ya meza yake.

"Nairobi wamepiga."

Caren alisimama pia. "Wamerudisha?"

"Wameagiza maradufu." Akaweka barua mezani, sahihi ikiwa bado mbichi. "Jumanne ijayo unafundisha nini?"

"Visu. Kunoa na kusafisha."

Bwana Kiragu alikohoa kidogo, akashusha sauti. "Na mimi nije na nini?"

"Na kisu cha jikoni kwako, Bwana Kiragu. Kile butu kabisa."

Meneja akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja.